Kusafisha mdomo wa mtaro na mwalo: mwongozo kwa vikundi vya mitaa ya kando ya ziwa jijini Mwanza

Vikundi vya usafi vinavyoanza kazi kandokando ya Ziwa Victoria, hasa katika mitaa ya Jiji la Mwanza ambako mitaro ya mvua na Mto Mirongo humwaga maji yake ziwani, huuliza maswali yaleyale kila mara: waanze na magugu maji au waanze na taka, wachome au wafukie, wanyunyize dawa au wasubiri mashine, na kwa nini mwalo (mahali mitumbwi ya wavuvi inapofikia) uliosafishwa Jumamosi huonekana umejaa tena ifikapo Jumatano. Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Umekusudiwa kundi la watu kumi na watano hadi thelathini, lisilo na mashine, linalotaka kusafisha sehemu ya mwisho ya mtaro, mdomo wake, na kipande cha maji kilicho mbele yake.

Neno moja litangulie. Kung'oa ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Vikundi hukwama kwa sababu havikuamua mapema mzigo utalala wapi ukishatoka majini, na kwa sababu havikuweka kizuizi cha kuzuia mzigo mwingine usije nyuma yao. Ukiyapanga hayo mawili kabla ya kuingia majini, nguvu ya mikono iliyopo itatosha.

Machache ya kufahamu kwanza

Magugu maji asili yake ni Amerika ya Kusini. Katika Ziwa Victoria yalianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwaka 1998 yalikuwa yamefunika karibu hekta 20,000. Huongezeka zaidi kwa machipukizi: mmea mama hutoa kikonyo kinachotambaa juu ya maji, na kwenye ncha yake huota mtoto ambaye baada ya siku chache anaweza kujitegemea. Penye joto na maji taka mengi, eneo lililofunikwa linaweza kuwa maradufu ndani ya wiki mbili au pungufu. Mbegu nazo huzama kwenye tope na kubaki hai kwa miaka 15 au zaidi, kwa hiyo usiahidi mkutano wa mtaa kwamba mtayamaliza. Ahidi kwamba mtaiweka njia ya maji wazi.

Jambo la pili ni uzito. Takriban asilimia 95 ya mmea huu ni maji, na mita moja ya mraba ya zulia lililoshonana huweza kuwa na kilo 20 hadi 40 za mzigo mbichi. Pima kabla ya kupanga: kipande cha mita 20 kwa 10 ni mita za mraba 200, yaani tani nne hadi nane. Kundi lisilofanya hesabu hii hukodi guta moja, na ifikapo saa tano asubuhi huanza kurundika magugu pembeni ya maji kwa matumaini kwamba yatachukuliwa kesho.

Vitu vinavyohitajika

Kwa usalama wa watu: gambuti ndefu, glavu nene za mpira, jaketi la kujiokolea kwa kila atakayepanda mtumbwi au kuingia maji yanayovuka magoti, sanduku la huduma ya kwanza, maji safi ya kunawa na sabuni. Glavu laini za hospitali hazifai. Hutobolewa na kipande cha kwanza cha chupa.

Kwa kazi: reki za chuma zenye mpini mrefu, uma za shambani zenye meno marefu, mapanga mawili au matatu tu, koleo, matoroli, mifuko ya salfeti, upondo, mtumbwi mmoja au miwili, na kamba ya nailoni yenye unene wa kidole na urefu wa mita 60 au zaidi. Kwa kizuizi: madumu matupu ya lita 20 yenye vifuniko vizima, wavu wa kuku au neti ya plastiki ngumu, waya wa kufungia, vipande vya chuma vya kuwa uzito, na vigingi vinne imara.

Tahadhari kuhusu nyavu. Usitumie kipande cha kokoro kukokotea magugu, hata kama kimechakaa. Kokoro ni zana haramu ya uvuvi, na kundi litakaloonekana linalivuta ufukweni litatumia asubuhi nzima kujieleza kwa maofisa badala ya kufanya kazi. Kamba yenye maboya, itakayoelezwa katika hatua ya tano, inafanya kazi hiyo hiyo bila kukamata samaki wachanga.

Ruhusa ni sehemu ya vifaa. Zungumza na mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, afisa mazingira wa halmashauri, na uongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) wa mwalo husika, kwa kuwa wavuvi ndio wanaojua mahali penye kina, mawe na viboko. Mitaro ya barabara nyingi za jiji iko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), na ya barabara kuu iko chini ya TANROADS (wakala wa barabara kuu). Mkitaka kuchimba tope au kugusa kingo za mto, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria inapaswa kujulishwa na kutoa kibali. Siku rahisi ya kuanza ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo tayari ni siku ya usafi nchini, kwa sababu magari ya halmashauri huwa barabarani na ni rahisi kuyaomba yapitie kwenu.

Hatua za kazi

1. Kagua eneo mara mbili, asubuhi na alasiri. Usiku na alfajiri upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kuanzia mchana hugeuka na kuvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Zulia mnaloliona asubuhi likielea mbali linaweza kuwa limeegemea mwalo ifikapo saa tisa. Ukaguzi huu utawaonyesha magugu yaliyo yenu, yaliyoota papo hapo, na yaliyo wageni wa upepo. Andika pia mahali ambapo maji taka ya vyoo yanaingia mtaroni, kwa maana hapo hapana mtu atakayeingia kwa miguu.

2. Tengeni sehemu mbili za kuweka mzigo. Ya kwanza ni ya kuchuja maji na kukausha. Iwe karibu na maji lakini juu ya alama ya juu kabisa ambayo ziwa liliwahi kufika. Msikadirie alama hiyo kwa macho. Waulizeni wenyeji maji yalifika wapi mwaka 2020 na mwaka 2024, ziwa lilipojaa isivyo kawaida, kisha pandeni juu kidogo. Sehemu ya pili ni ya kutengenezea mboji, na hiyo iwe zaidi ya mita 60 kutoka ukingoni, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya umbali huo.

3. Wekeni kizuizi mdomoni mwa mtaro kabla ya kuondoa kitu chochote. Fungeni madumu kwenye kamba kwa nafasi ya nusu mita, vifuniko vikiwa vimekazwa. Ning'inizeni chini yake wavu wenye kimo cha sentimita 40 hadi 50, na kwenye ncha ya chini ya wavu mfunge vipande vya chuma ili usielee. Msikitege kizuizi kukatiza maji moja kwa moja. Kitegeni mshazari, ncha moja ikiwa juu zaidi ya nyingine kwa kufuata mkondo, ili maji yenyewe yasukume taka kuelekea ukingo mmoja ambapo mtu mwenye reki anaweza kuzitoa akiwa amesimama nchi kavu. Kizuizi kilichokatiza maji moja kwa moja hujaa katikati, kikavimba kama tumbo, na mvua ya kwanza hukikata.

   Ncha moja ifungwe kwa kamba hafifu kuliko nyingine. Mafuriko yakija, kamba hiyo ikatike na kizuizi kijilaze ukingoni, badala ya kushikilia taka mpaka maji yapande na kuingia nyumbani mwa watu.

4. Safisheni mtaro kuanzia mdomoni kwenda juu. Wengi huanza juu kwa sababu ndiko penye harufu na malalamiko, lakini mkifungua juu huku chini kumeziba, maji yaliyotuama hushuka kwa pamoja na kupakua takataka zote mahali pamoja. Ondoeni kwanza vitu vinavyoshika vingine: matawi, matairi, magodoro, vipande vya nyavu. Mara nyingi kizibo kizima kinashikiliwa na tawi moja na shuka lililonasa. Baada ya hapo zoeni chupa, mifuko, pampasi na viatu, na mwishoni kabisa mguse tope. Watu wawili wawe juu ya ukingo wakati wote wakiangalia anga la milimani. Katika mji wenye vilima vya mawe kama Mwanza maji ya mvua hushuka kwa kasi, na mtaro uliokauka unaweza kujaa ingawa hapo mlipo halijadondoka tone.

5. Kokoteni magugu kwa kamba, msiyafuate moja moja. Anzeni mapema asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaamka. Fungeni maboya kwenye kamba ndefu kwa kila mita moja, mtu mmoja ashike ncha ufukweni, na mtumbwi ubebe ncha nyingine ukizunguka nyuma ya zulia hadi kufika ukingoni upande wa pili. Watu walio nchi kavu wavute ncha zote mbili polepole na kwa usawa. Mkivuta kwa pupa, kamba itapanda juu ya mimea na kuacha nusu ya mzigo nyuma. Zulia likiwa kubwa au limeshonana, likateni kwa panga vipande vya upana wa mita mbili au tatu mkiwa ndani ya mtumbwi, na kila kipande kivutwe peke yake.

   Panga ni la kutenganisha tu. Magugu yaliyokatwakatwa majini hayafi: kila kipande chenye kitovu cha mmea, pale majani na mizizi vinapokutana, kinaweza kuota upya, na vinavyobaki huzama, vikaoza na kula hewa ambayo samaki wanaihitaji.

6. Toeni mmea mzima pamoja na mizizi yake. Ingizeni uma wa shambani chini ya mizizi, inueni, subirini maji yachuruzike kwa nusu dakika, kisha tupeni kwenye toroli. Mizizi huning'inia kama manyoya meusi na humo hujificha konokono, samaki wadogo, na mara nyingine nyoka, kwa hiyo mtikiseni mmea juu ya maji kabla ya kuupokea kwa mkono. Baada ya kila mviringo wa kamba, mtu mmoja mwenye chekeche la wavu apite kukusanya watoto waliokatika vikonyo. Kazi hii huonekana ya kitoto, na ndiyo inayoamua kama mtarudi baada ya wiki moja au baada ya mwezi.

7. Tenganisheni mzigo siku hiyo hiyo. Plastiki zitolewe ndani ya magugu yakiwa bado mabichi, kwa sababu yakikauka huzishika na kuwa kazi ya siku nzima. Chupa safi wapewe waokota chupa, ambao wana wanunuzi wao wa chakavu. Sindano na vioo viwekwe kwenye dumu lenye mfuniko na kukabidhiwa kwa afisa afya. Kilichobaki kiende dampo kwa gari la halmashauri. Msichome plastiki, na msifukie taka ukingoni.

8. Kausheni, kisha tengenezeni mboji. Tandazeni magugu kwa unene usiozidi sentimita 20 na myageuze kila siku. Kwenye jua kali, baada ya siku nne hadi saba uzito hupungua sana. Yakateni vipande vya urefu wa kiganja, mpange tabaka la magugu, tabaka jembamba la samadi, majivu kidogo na udongo, mkirudia hadi kimo cha mita moja na nusu. Pindueni rundo kila baada ya wiki mbili. Ndani ya miezi miwili hadi mitatu mboji huwa tayari: huwa nyeusi, hunuka udongo, na ukiifinya mkononi haitoi maji wala haionyeshi umbo la jani. Magugu yaliyotoka kwenye mtaro unaopita gereji, viwanda au mahali pa kufulia magari yasitumike kwa mboga, kwa sababu mizizi yake hunyonya madini mazito. Mboji hiyo itumike kwenye miti na maua ya barabarani.

9. Pangeni zamu kabla ya kutawanyika. Kizuizi kisafishwe mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, na kabla na baada ya kila mvua kubwa katika vuli na masika. Kila wiki mtu mmoja azunguke na chekeche kuondoa mimea michanga. Nusu saa ya kazi hiyo ni bora kuliko kampeni ya miezi sita ijayo yenye fulana na wapiga picha.

Makosa ya kuepuka

Usafi usigeuke kufyeka kila kijani. Mafunjo na matete yaliyo ukingoni huchuja tope na kuwapa samaki mahali pa kuzalia. Fungueni njia ya maji na ya mitumbwi tu, mengine myaache. Mayungiyungi pia hayana kosa. Mkiona majani ya magugu maji yana makovu madogo ya mviringo yaliyokwanguliwa, huyo ni fukusi wa jenasi ya Neochetina, aliyeachiliwa ziwani katika miaka ya 1990 ili ayale, na mchango wake katika kuyapunguza ulikuwa mkubwa. Pale ambapo mimea yenye makovu mengi haizibi njia, iacheni kidogo aendelee na kazi yake.

Dawa za kuua magugu msiziguse. Watu wanachota maji hapo, samaki wanaliwa hapo, na mimea iliyokufa kwa dawa huzama yote kwa wakati mmoja.

Kichocho ndiyo hatari inayodharauliwa kuliko zote, pengine kwa sababu haiumi siku hiyo. Konokono wanaokibeba hupenda kuishi kwenye magugu, na vimelea huingia kupitia ngozi, vikiwa vingi majini kuanzia asubuhi ya saa nne hadi alasiri. Hii ni sababu nyingine ya kuanza alfajiri na kumaliza kazi ya majini mapema. Gambuti iliyojaa maji haimkingi mtu. Kila aliyeingia majini apimwe kwenye zahanati wiki sita hadi nane baadaye, kwa kuwa kipimo cha mapema mno kinaweza kisionyeshe kitu na dawa huua zaidi minyoo iliyokomaa. Mtu akipata homa kali, maumivu ya misuli au macho mekundu siku chache baada ya kazi ya mtaroni, aende hospitali na aeleze wazi kwamba alikuwa kwenye maji machafu, maana mkojo wa panya huleta homa ya mgunda, ambayo kwa macho hufanana na malaria.

Viboko wakionekana, kazi ya siku hiyo imekwisha. Hakuna mjadala.

Mambo yakienda kombo

Magugu yamerudi ndani ya siku chache. Yatazameni kabla ya kulaumiana. Yakiwa marefu na yameshonana, yameletwa na upepo, na dawa yake ni kizuizi cha pili upande wa ziwani, chenye mlango wa mitumbwi uliokubaliwa na BMU. Yakiwa madogo yenye vikonyo vilivyovimba, ni watoto walioachwa. Ongezeni zamu ya chekeche. Yakiwa machipukizi membamba yanayotoka kwenye tope ukingoni, ni mbegu, nayo yang'olewe kwa mkono yakiwa bado hayajaanza kuelea.

Kuna vijimea vidogo vyenye majani ya mviringo na nywele ngumu juu yake ambavyo reki haivishiki. Hiyo ni salvinia, gugu jingine lililofika Ziwa Victoria. Kamba haitalikokota, litahitaji wavu wenye matundu madogo uliofungwa kwenye fremu ya mbao, na lisihamishwe kwenye ndoo wazi kupita mitaro mingine. Mtaarifuni afisa mazingira au ofisi ya kanda ya NEMC (baraza la taifa la usimamizi wa mazingira) mapema, kwa sababu huenea haraka kuliko mikono ya kikundi.

Kizuizi kinapitisha taka chini yake. Ama uzito wa wavu umepungua, ama mkondo una kasi mno mahali hapo. Kisogezeni chini zaidi, mtaro unapopanuka na maji kupungua kasi, au mkiongezee mshazari.

Rundo la mboji linanuka vibaya. Limelowa kupita kiasi. Lipindueni, mchanganye majani makavu au pumba za mpunga, na mlifunike mvua ikinyesha. Likiwa halinuki lakini halipati joto, limekauka au samadi ni chache. Likiota magugu juu, mbegu zilikuwa zimekomaa. Pindueni ili tabaka la juu liingie katikati penye joto.

Taka zinaendelea kushuka hata kizuizi kikisafishwa kila siku. Panda na mtaro ukihesabu kwa macho aina ya taka kwenye kila daraja dogo. Mara nyingi utakuta zinaanzia mahali pawili au patatu tu: genge lisilo na pipa, au nyumba za mlimani ambako gari la taka halifiki na kubeba mfuko hadi barabarani ni safari ya kushuka mawe. Mabango ya makatazo hayasaidii hapo. Linalosaidia ni kupatana na vijana wawili au watatu wa mtaa huo wawe wanakusanya mlango kwa mlango kwa ada ndogo inayopitishwa kwenye mkutano wa mtaa, na gari lipangiwe saa maalumu ya kupokea mzigo chini.

Zulia ni kubwa kuliko kikundi. Likizidi nusu ekari, au likiwa limeziba njia ya kivuko au chanzo cha maji ya bomba, msijaribu kulimaliza. Fungueni kijia cha mitumbwi chenye upana wa mita nne, wekeni kamba yenye maboya pande zote mbili ili kisijifunge, pigeni picha zenye tarehe, na mpeleke taarifa ya maandishi kwa halmashauri, Bodi ya Maji ya Bonde na NEMC siku hiyo hiyo, mkitaja ukubwa wa eneo kwa mita na tani mlizokadiria.